Namna ya Kusoma Ripoti ya Majaribio ya Wanyama na Kutambua Kama Dawa ya Presha Inafanya Kazi Kupitia Ubongo

Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa famasia, uuguzi na utabibu wa hapa Mombasa ambao hupewa ripoti ya majaribio ya wanyama, wakatakiwa kuieleza mbele ya darasa, na wakakwama pale pale walipokwama wenzao wa mwaka uliotangulia. Kosa lenyewe ni moja. Mwanafunzi husoma kwamba dawa imeshusha presha ya panya, kisha husoma kwamba dawa hiyo imeonekana ndani ya ubongo wa panya, halafu huyafunga mambo hayo mawili kwa kamba moja na kutangaza kwamba dawa inafanya kazi kupitia ubongo.

Juzi mmoja wao alinijia barazani, Kibokoni, karatasi zake zimepigwa mistari ya manjano kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. "Mwalimu, si presha imeshuka?" akaniuliza. Nikamjibu, "Imeshuka, mwanangu, lakini nionyeshe ni wapi ilikoshushiwa." Alizigeuza karatasi zote asipate mstari wa kunionyesha. Hatua zinazofuata ndizo nilizompitisha jioni ile.

## Mahitaji

- Ripoti nzima, si muhtasari wake. Muhtasari hutaja matokeo na kuacha namna yalivyopatikana, na hukumu yako yote itategemea namna hiyo.
- Karatasi mbili tupu, penseli, na kalamu mbili za rangi tofauti.
- Kikokotoo, cha simu kinatosha.
- Rula, kwa ajili ya kusoma michoro.
- Saa mbili zisizo na kelele. Ukijaribu kuifanya kazi hii ndani ya matatu ya Kisauni utalazimika kuirudia.

Katika mwongozo huu, neno panya nitalitumia kwa yule mkubwa wa maabara, mwenye uzito wa gramu 250 hadi 350 hivi, na kipanya kwa yule mdogo asiyefika gramu 50. Ripoti huwatofautisha, na wewe uwatofautishe.

## Hatua ya 1: Chora njia ya presha kabla ya kusoma chochote

Chora kichwa, uti wa mgongo, moyo, figo na mshipa mmoja wa damu. Kwenye ateri kuu inayotoka moyoni, na kwenye ateri za shingoni, weka nukta: hapo ndipo zilipo ncha za neva zinazohisi mkazo wa damu. Kutoka hapo piga mstari hadi medula, yaani sehemu ya chini kabisa ya ubongo inayoungana na uti wa mgongo.

Ndani ya medula weka alama mbili. Ya kwanza, upande wa nyuma, ni kituo kinachopokea habari za presha, ambacho waandishi hukifupisha kwa herufi NTS. Ya pili, upande wa mbele, ni kituo kinachotuma amri, nacho hufupishwa RVLM. Kutoka RVLM shuka na mstari ndani ya uti wa mgongo, kisha utoke nje kwa neva za simpathetiki hadi moyoni, kwenye mishipa na kwenye figo. Presha ikipanda, NTS hupata habari na RVLM hutulizwa. Presha ikishuka, RVLM huachiliwa ikakaza mishipa na kuharakisha moyo.

Mchoro huu hukuonyesha kwamba presha inaweza kushushwa mahali pengi. Nyumba nyingi za ghorofa za hapa mjini zina pampu uani na swichi ndani. Maji yakipungua nguvu, huenda fundi ameigusa swichi, na huenda ameigusa koki iliyo kwenye bomba lenyewe. Aliyesimama na ndoo yake hawezi kujua. Msomaji anayetazama presha peke yake ndiye huyo mwenye ndoo.

Utajuaje umefaulu: unaweza kuifuata njia yote kwa kidole, kutoka shingoni hadi kwenye figo, bila kuangalia kitabu.

## Hatua ya 2: Mtambue mnyama na hali aliyokuwa nayo

Tafuta aina ya mnyama, na uiandike juu ya karatasi yako ya pili. Mara nyingi utakuta herufi SHR, yaani panya wanaozaliwa na presha ya kurithi, ambao Okamoto na Aoki walitangaza kizazi chao huko Kyoto, Japani, mwaka 1963. Presha yao ya juu wakikomaa mara nyingi hufika milimita 180 za zebaki na zaidi, ilhali ya panya wa kawaida huzunguka 120. Wenzao wa kulinganishwa nao huandikwa WKY.

Kisha uliza kama mnyama alikuwa macho au amelazwa kwa dawa ya usingizi. Urethani na pentobabitali, ambazo hutumika sana, zenyewe hubadilisha namna medula inavyofanya kazi. Dawa inayotuliza neva haiwezi kuonyesha uwezo wake wote kwa mnyama ambaye neva zake zimekwisha kutulizwa.

Tahadhari: usishtuke ukisoma kwamba moyo wa panya ulipiga mara 350 kwa dakika. Kwake hilo ni jambo la kawaida.

## Hatua ya 3: Angalia presha ilipimwaje

Ziko njia tatu kuu. Ya kwanza ni mkanda wa mkiani: panya hubanwa ndani ya kichupa, mkia wake hupashwa joto ili damu ipite vizuri, kisha mkanda mdogo hujazwa hewa kama ule wa mkono wa binadamu. Ya pili ni mrija mwembamba unaoingizwa ndani ya ateri. Ya tatu ni kifaa kidogo kinachopandikizwa mwilini na kupeleka vipimo kwa mawimbi ya redio, huku panya akizunguka chumbani mwake kama kawaida.

Panya aliyebanwa huogopa, na woga hupandisha presha. Dawa nyingi za presha zinazofanya kazi kupitia ubongo, hasa klonidini, huleta usingizi. Basi panya aliyepewa klonidini na kubanwa kwa mkanda wa mkiani anaweza kuonyesha presha ndogo kwa sababu tu haogopi kama mwenzake. Hapo dawa imegusa ubongo kweli, lakini si kwa njia inayodaiwa na ripoti.

Kwa maoni yangu, ripoti iliyotegemea mkanda wa mkiani peke yake haifai kutolewa hukumu nzito.

## Hatua ya 4: Utazame moyo

Hatua hii ni fupi, na ndiyo inayorukwa na wengi. Tafuta mchoro wa mapigo ya moyo, uuweke kando ya ule wa presha.

Dawa inayolegeza mishipa moja kwa moja, kama haidralazini, huishusha presha, kisha ubongo hupata habari na kuuharakisha moyo ili kuiokoa. Dawa inayofanya kazi kwenye medula huishusha presha na moyo ukapungua kasi, au angalau usipande, kwa sababu yule ambaye angetoa amri ya kuuharakisha ndiye aliyetulizwa.

Tahadhari: hii ni dalili, si ushahidi. Dawa za kuzuia vipokezi vya beta (kipokezi ni sehemu ya seli inayoshikwa na homoni au dawa) nazo hupunguza mapigo, na hufanya hivyo kwenye moyo wenyewe.

## Hatua ya 5: Tafuta dawa iliwekwa wapi, na uipige hesabu ya dozi

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nenda polepole.

Kwanza, ondoa dhana kwamba kuonekana kwa dawa ubongoni kunatosha. Propranololi huingia ubongoni kwa urahisi kwa sababu huyeyuka katika mafuta, na atenololi huingia kwa shida sana. Zote mbili hushusha presha. Kwa upande mwingine, homoni ya anjiotensini II haipenyi ukuta unaotenganisha damu na ubongo, lakini hupandisha presha kupitia ubongo, kwa sababu yako maeneo machache ya ubongo ambayo hayana ukuta huo kamili, na homoni huyakuta wazi. Kuingia si kufanya kazi, na kutoingia si kutofanya kazi.

Sasa tafuta sehemu inayoeleza sindano. Watafiti huchagua kati ya mshipa wa damu, vyumba vya maji vya ubongo, au nukta yenyewe ndani ya medula. Kwa paka ilitumika pia ateri ya uti wa mgongo inayopanda hadi sehemu ya nyuma ya ubongo: klonidini iliyopitishwa humo ilishusha presha zaidi kuliko kiasi kile kile kilichopitishwa kwenye mshipa wa kawaida. Hoja ya majaribio yote haya ni moja. Kama dozi ndogo iliyowekwa ubongoni inashusha presha, na dozi ile ile ikiwekwa kwenye mshipa haifanyi lolote, basi mahali pa kazi ni ubongo.

Hoja hiyo ni nzuri, lakini ina mtego katika vipimo. Dozi ya mshipani huandikwa kwa kila kilo ya uzito. Dozi ya ubongoni huandikwa kwa panya mmoja. Msomaji huona 5 upande huu na 10 upande ule, akadhani 5 ndiyo ndogo.

Chukua mfano huu wa kujifunzia, ambao nimeutunga mwenyewe. Panya ana gramu 250. Ubongoni alipewa mikrogramu 5, presha ikashuka kwa milimita 30. Mwenzake alipewa mshipani mikrogramu 10 kwa kila kilo, presha ikashuka kwa milimita 15. Mwandishi anasema ubongo umeshinda. Piga hesabu: panya wa gramu 250 ni robo ya kilo, kwa hiyo mikrogramu 5 kwake ni mikrogramu 20 kwa kila kilo. Dozi ya ubongoni ilikuwa maradufu ya ile ya mshipani, na presha ikashuka maradufu. Hakuna kilichothibitishwa, kwa kuwa dawa ingeweza kuvuja kutoka ubongoni ikaingia kwenye damu na kufanya kazi yake huko.

Badilisha mfano. Ubongoni mikrogramu 1, presha ikashuka kwa milimita 30. Mikrogramu 1 ile ile ikawekwa mshipani, presha isitikisike. Sasa una ushahidi wa kushika mkononi.

Ukimaliza hesabu, kagua mambo mawili. La kwanza, je, kuna panya waliopewa kimiminika kitupu cha ujazo ule ule mahali pale pale? Kuingiza maji ndani ya ubongo, hata mikrolita 5, ni jambo linaloweza kubadilisha presha lenyewe. La pili, kama sindano ilielekezwa kwenye nukta ya medula, je, walimpasua mnyama baadaye na kuonyesha kwa rangi kwamba sindano ilifika hapo? Nukta hizo ni ndogo, na mkono wa binadamu hukosea.

Utajuaje umefaulu: karatasi yako ina dozi zote katika kipimo kimoja, zimepangwa kando kwa kando, na unaweza kusema kwa sauti ipi ni kubwa kuliko ipi.

## Hatua ya 6: Tafuta waya uliokatwa

Rudi kwenye pampu. Ukitaka kujua kama fundi aliigusa swichi, kata waya unaotoka kwenye swichi, kisha umwombe afanye tena alichofanya. Kama maji hayabadiliki safari hii, alikuwa akifanya kazi kwenye swichi. Watafiti hukata waya kwa njia kadhaa.

Njia ya ukali zaidi ni panya ambaye ubongo na uti wake wa mgongo vimeharibiwa, akabaki akipumuliwa kwa mashine. Klonidini ikitiwa kwenye mshipa wa panya huyo haishushi presha. Huipandisha, kwa sababu klonidini hushika vipokezi vya alfa-2, na vilivyobaki ni vile vilivyo kwenye mishipa, navyo kazi yao ni kukaza. Katika ushahidi wote ninaoufahamu wa somo hili, huu ndio unaonikonga moyo: dawa ile ile, mnyama wa aina ile ile, na matokeo yamegeuka juu chini kwa kuondolewa ubongo na uti wa mgongo peke yake.

Njia ya pili ni kufunga vituo vya neva vilivyo nje ya ubongo na uti wa mgongo kwa dawa ya heksamethoniamu, ili amri za ubongo zisifike kwenye mishipa. Njia ya tatu ni kufunga kipokezi. Yohimbini hufunga vipokezi vya alfa-2, kwa hiyo ikitangulizwa klonidini hukosa pa kushika. Lakini angalia yohimbini yenyewe iliwekwa wapi: ikipitishwa mshipani hufunga vipokezi vya mwili mzima, nawe utajua ni kipokezi gani bila kujua ni mahali gani. Ni lazima kifungio kiwekwe ubongoni.

Njia ya nne ni kubadilisha jeni. Mwaka 1996 zilichapishwa habari za vipanya ambao kipokezi chao cha alfa-2A kilikuwa kimegeuzwa, na dawa za jamii ya klonidini zikashindwa kuwashusha presha.

Methildopa, ambayo kina mama wajawazito wenye presha hupewa sana kliniki, inahitaji macho zaidi, kwa sababu yenyewe haifanyi kazi mpaka igeuzwe na vimeng'enya kuwa kitu kingine, alfa-methilinoradrenalini, na hicho ndicho kinachoshika vipokezi vya alfa-2. Swali huwa ni wapi inakogeuzwa. Wanyama walipopewa kizuizi cha kimeng'enya kisichoingia ubongoni, presha iliendelea kushuka. Walipopewa kizuizi kinachoingia, haikushuka. Waya uliokatwa hapo ni wa kikemia, lakini hoja ni ile ile.

Tahadhari kubwa: panya aliyeondolewa ubongo, au aliyefungwa neva kwa heksamethoniamu, tayari ana presha ya chini mno. Dawa inaweza kushindwa kumshusha kwa sababu tu hakuna pa kushukia. Watafiti makini huipandisha kwanza presha yake kwa dawa ya kukaza mishipa, ndipo wakajaribu. Kama ripoti haisemi hivyo, weka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu. Wanafunzi wangu wengi wameziamini ripoti ambazo alama hiyo ingeziangusha.

## Hatua ya 7: Soma mchoro kwa saa

Weka rula kwenye wakati wa sindano na uisogeze kulia. Klonidini ikiingia mshipani, presha hupanda kwanza kwa muda mfupi, kisha hushuka kwa muda mrefu. Kupanda ni kazi ya mishipa. Kushuka ni kazi ya ubongo. Ukipima wastani wa kipindi chote, unazichanganya.

Madaktari wa mifugo wanaijua tabia hii bila kusoma ripoti. Zailazini wanayomlaza nayo punda wa Lamu kabla ya kumshona jeraha ni ya jamii moja na klonidini: presha ya punda hupanda kidogo, moyo hupungua kasi, kisha presha hushuka naye akainamisha kichwa.

Kama mchoro unaendelea hadi siku baada ya dawa kukatishwa, utazame pia mwisho wake. Klonidini ikiachwa ghafla, presha hurudi kwa kishindo, kwa wanyama na kwa watu.

## Hatua ya 8: Usimvushe panya hadi kwa mtu kwa kuzidisha uzito

Darasani patakuwa na atakayeuliza, "Basi mtu apewe kiasi gani?" Kosa la kawaida ni kuchukua dozi ya panya kwa kila kilo na kuizidisha kwa kilo za mtu. Kwa makadirio yanayotumika kupanga majaribio ya mwanzo, dozi ya panya kwa kila kilo hugawanywa kwa 6.2, na ya kipanya kwa 12.3, kwa kuwa mnyama mdogo huichoma dawa haraka zaidi. Miligramu 10 kwa kila kilo ya panya zinakuwa 1.6 hivi kwa kila kilo ya mtu. Kwa mtu wa kilo 60 ni kama miligramu 97, si 600.

Hesabu hiyo ni ya kuelewea ripoti tu. Mgonjwa aliye nyumbani habadilishi kidonge chake, wala hakiachi, kwa sababu ya panya. Aende kwa daktari wake.

## Hatua ya 9: Andika hukumu kwa sentensi mbili

Sentensi ya kwanza itaje mnyama, hali yake, mahali pa sindano na dozi iliyolinganishwa. Ya pili itaje waya uliokatwa na udhaifu uliobaki. Neno "imethibitishwa" litumie pale tu Hatua ya 5 na ya 6 zinapokubaliana. Moja ikikosekana, andika "inaelekea". Na kubali kwamba jibu linaweza kuwa kotekote: dawa ya reserpini huondoa akiba ya noradrenalini, kemikali ambayo neva hupelekea amri, ubongoni na kwenye ncha za neva za mwilini pia, na anayeilazimisha upande mmoja anaionea.

Mwanafunzi wa Kibokoni, baada ya chai ya pili, aliandika hivi: "Kwa panya wa SHR waliokuwa macho, dozi iliyowekwa kwenye vyumba vya maji vya ubongo ilishusha presha na mapigo ya moyo, ilhali kiasi kile kile kwenye mshipa hakikufanya lolote. Kifungio cha alfa-2 kilichowekwa ubongoni kilizuia athari hiyo, ila ripoti haionyeshi kwamba kifungio hicho hakikuvuja kwenye damu, kwa hiyo inaelekea dawa inafanya kazi kupitia ubongo."

Ukiisha kuandika ya kwako, mpe mwenzako ambaye hajaisoma ripoti, pamoja na mchoro wako wa Hatua ya 1. Akiweza kuweka kidole mahali dawa inapodaiwa kushika, na akakutajia kwa maneno yake ni nini bado hakijafungwa, kazi yako iko tayari kusimama mbele ya darasa. Akisitasita, irudie Hatua ya 5.